Mwanachama Akishalipa, Msimwombe Ushahidi



Leo naanza na barua ya mweka hazina wa chama cha wahitimu wa shule moja ya sekondari, kijana wa Morogoro. Chama chao kimejiunga na programu ya kusimamia wanachama, zile za kulipia kila mwezi. Wakaweka fomu ya kujiunga mtandaoni, wakaweka na sehemu ya kulipia ada. Alitarajia kupumzika. Badala yake watu wanafungua fomu, wanajaza nusu, wanaondoka. Wengine wanairuka kabisa: wanatuma pesa, kisha wanarusha picha ya ujumbe wa muamala kwenye kundi la WhatsApp na kuandika "mweka hazina nihesabie". Usiku anakaa na simu mkono huu na kompyuta mkono huu, akilinganisha majina. Mkutano mkuu uko karibu, na kuna watu kumi na kitu wanaoapa kwamba wamelipa lakini kwenye mfumo wanasomeka wanadaiwa. Ananiuliza: "Dada, turudi kwenye daftari? Au tubadilishe programu? Maana wanachama wetu ni wagumu mno."

Mdogo wangu, nakujibu kwa kirefu, kwa sababu hili silisikii kwako tu. Nimelisikia kwa wauguzi, kwa wanakwaya, kwa vikundi vya VICOBA, na kwa jumuiya za Watanzania walioko Muscat na London. Na kabla sijaenda mbali, hilo la wanachama wagumu naomba tuliweke kando. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008. Mtu huyo unayemwita mgumu analipa luku kwa simu, analipa maji kwa simu, anamtumia mama yake kijijini pesa ya mbolea akiwa ndani ya daladala. Kulipa anajua. Akishindwa kulipa ada ya chama chako, kachunguze njia uliyomwekea.

Msimamo wangu ni huu. Mwanachama akishajaza fomu na kutuma pesa, kazi yake imekwisha. Kujua pesa hiyo ni ya nani, ya nini, na imebaki kiasi gani, ni kazi ya mfumo wenu. Kila mahali mnapomwambia "tuma picha ya muamala", "piga simu uthibitishe", "andika jina lako hapa kundini", mmemrudishia kazi yenu. Na mtu aliyetoa pesa yake kwa hiari kisha akaombwa ushahidi kama mshtakiwa, mwaka unaofuata halipi.

Tuanze na fomu. Ichapishe kwenye karatasi, kaa na katibu wako, na kwa kila swali muulizane: jibu hili nani atalitumia, na lini? Kama hakuna mwenye jibu, pigeni mstari. Fomu za vyama vyetu nyingi zimenakiliwa kutoka fomu za ajira au za benki. Utakuta majina matatu, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, hali ya ndoa, dini, mkoa, wilaya, kata, sanduku la posta, mwajiri, baruapepe, neno la siri, picha ndogo ya pasipoti. Hiki ni chama cha wahitimu! Kumpokea mtu mnahitaji jina lake, simu yake, na mwaka aliomaliza shule. Mengine mtamuuliza baadaye, akishakuwa ndani na akishawaamini. Hakuna mwenyeji anayemsimamisha mgeni mlangoni akimuuliza jina la babu yake kabla hajampa kiti.

Tena tazama jinsi maswali yanavyojirudia bila watu kujua. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Fomu inayodai NIDA na tarehe ya kuzaliwa imeuliza kitu kimoja mara mbili. Na ukikusanya namba hizo za watu mia tatu kwenye faili lisilo na ulinzi, umejibebesha mzigo wa kisheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume inayoisimamia. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Zote mbili zinataka ukusanye taarifa kwa sababu inayojulikana, na zile tu zinazohitajika kwa sababu hiyo. Dini ya mtu ni taarifa nyeti. Kama chama chenu si cha dini, liondoeni swali hilo leo.

Usidhani kisanduku kimoja cha ziada hakina madhara. Kampuni ya usafiri ya Expedia ya Marekani ilieleza mwaka 2010 jinsi kisanduku kimoja kisicho cha lazima, kilichoandikwa "Kampuni", kilivyowatia hasara. Wateja waliokuwa wakilipa kwa kadi walidhani wanaulizwa jina la benki yao. Wakaliandika. Kisha kwenye sehemu ya anwani wakaandika anwani ya benki, na malipo yakakataliwa kwa kuwa anwani haikulingana na ya mwenye kadi. Kilipoondolewa, kampuni ilisema faida yake iliongezeka kwa dola milioni 12 kwa mwaka. Kisanduku hicho hakikuwa cha lazima, kumbuka. Kiliharibu kwa kuwepo tu.

Sasa twende kwenye visanduku viwili ambavyo lazima vibaki, kwa sababu humo ndimo watu wetu wanamokwama sana.

Jina. Programu nyingi zimetengenezwa na watu wanaoamini kila binadamu ana jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Mwanamke wa Unguja anayeitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake hana jina la ukoo la kukuandikia; atajaza lolote ili apite, na kesho jina lililoko kwenye mfumo halilingani na jina lililosajiliwa kwenye laini yake ya simu. Weka kisanduku kimoja: "Jina kamili, kama lilivyo kwenye laini yako ya simu." Hata Serikali ya Uingereza, katika mwongozo wake wa kutengeneza fomu za umma, inashauri jina liwe kwenye kisanduku kimoja inapowezekana. Halafu jaribu kuandika Ng'ang'a au Nyang'anyi. Zipo fomu zinazokataa ile alama ya ng' kwa madai kwamba "herufi haziruhusiwi". Nyingine zinaikubali iliyonyooka na kuikataa iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe bila mtu kuchagua. Mtu anaandika jina alilopewa na wazazi wake, anaambiwa amekosea. Hili mwambieni mtengenezaji wa programu alirekebishe, na msikubali jibu la "mwambie aandike bila alama".

Simu. Mmoja ataandika 0712 345 678 na nafasi katikati. Mwingine ataanza na +255, mwingine 255 bila alama ya kujumlisha, mwingine atanakili kutoka kwenye orodha ya majina ya simu yake na vistari juu. Zote ni sahihi. Fomu ipokee zote, iondoe nafasi na vistari, na igeuze yenyewe kuwa muundo ambao kampuni ya simu inautaka. Mkiwa na wanachama Kenya, hakikisheni namba zinazoanza na 01 zinapita, maana zimekuwepo tangu mwaka 2019 na bado kuna fomu zinazojua 07 peke yake. Na mwanachama aliyeko Oman au Minnesota hana laini ya Tanzania. Fomu inayolazimisha +255 imemfukuza.

Mtu akikosea kweli, mwambieni amekosea wapi, kwa Kiswahili, chini ya kisanduku kilekile. "Namba imepungua tarakimu moja" inatosha. Maandishi mekundu ya Kiingereza juu kabisa ya ukurasa, wakati yeye yuko chini kwenye kitufe cha kutuma, hayamsaidii. Anabonyeza mara nyingine, anaona kimya, anafunga. Kibaya kuliko vyote ni fomu inayofuta kila kitu kwa sababu ya kosa moja. Mtu amejaza kwa bando lake, mtandao umekatika akiwa Dumila, amerudi akakuta visanduku vyote vyeupe. Programu nyingi zina sehemu ya kuhifadhi fomu ambayo haijakamilika, ila mara nyingi haijawashwa. Iwasheni.

Neno la siri nalo. Jared Spool, mtaalamu Mmarekani wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2009 habari ya duka kubwa la mtandaoni lililowalazimisha wateja kufungua akaunti kabla ya kulipa. Walipoliondoa sharti hilo, wakaweka kitufe cha kuendelea tu, idadi ya waliokamilisha manunuzi ilipanda kwa asilimia 45. Sasa wewe unamtaka mama wa miaka hamsini na tano atunge neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama, ili alipe ada ambayo atailipa tena baada ya mwaka mzima, akiwa ameshalisahau. Mtumieni msimbo wa mara moja kwa ujumbe wa simu, au kiungo chake mwenyewe cha kulipia. Asiyehitaji kuingia ndani ya mfumo asilazimishwe kuingia.

Haya, tuje kwenye pesa. Hapa nitakaa.

Ukilipa bili kwa M-Pesa ya kwetu, menyu inakuuliza namba ya kampuni, kisha namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Kenya ni vivyo hivyo kwa paybill: namba ya biashara, halafu namba ya akaunti. Hiyo namba ya kumbukumbu ndiyo roho ya jambo zima, na ndiyo ambayo vyama vingi havijaifanyia kazi. Mwanachama anafika hapo, hajui aandike nini. Anaandika ADA. Mwingine anaandika jina la mtoto wake. Mwingine MCHANGO 2025, mwingine anabandika namba yake ya simu. Pesa inafika salama, lakini mfumo hauwezi kumjua mwenyewe. Hapo ndipo usiku wako unapopotelea, mdogo wangu, na wala si kwenye programu.

Mpe kila mwanachama namba yake moja, ya kudumu, anayoipata dakika ileile anapomaliza fomu. Iwe fupi. Iwe ya tarakimu tupu, kwa sababu mwenye kitochi anayepiga menyu ya nyota na reli anateseka kuandika herufi, na kwa sababu O na sifuri, au I na moja, zinafanana machoni pa wengi. Tarakimu ya mwisho iwe ya kuhakiki: inapatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia, hivyo mtu akikosea tarakimu moja, mfumo unagundua kwamba namba hiyo haipo. Mtaalamu wa programu anaijua kazi hii. Ni ndogo kwake, na faida yake ni kubwa kwako.

Kisha ulizeni kama mfumo wa malipo unaweza kuihoji programu yenu kabla ya kupokea pesa: "Namba hii mnaitambua?" Safaricom wanayo huduma hiyo kwa wenye paybill, ila lazima uiombe, haiji yenyewe. Hapa kwetu mwulizeni wakala wa malipo anayewaunganisha na mitandao. Namba ikiwa haipo, muamala unakataliwa palepale, pesa inabaki kwa mwenyewe, naye anajua amekosea. Malipo ya Serikali yametuzoesha utaratibu wa namna hiyo tangu mfumo wa GePG uanze mwaka 2017: unapewa kontroli namba, unalipa kwa mtandao wowote au benki, na ofisi husika inajua umelipia nini bila wewe kupeleka karatasi. Wanachama wako wameshaishi na jambo hilo. Hutakuwa unawafundisha kitu kigeni.

Njia ya pili ni lile ombi la malipo linalojitokeza lenyewe kwenye simu, ambalo Wakenya wanaliita STK. Mwanachama yuko kwenye fomu, anabonyeza "Lipa", simu inamwonyesha jina la chama na kiasi, anaweka namba ya siri, basi. Hakuna namba ya kampuni wala ya kumbukumbu ya kukosea. Naipenda sana kwa wenye simu janja. Ila ina mtego mmoja unaovunja urafiki wa watu.

Mtego wenyewe uko hivi. Ombi likishapita au kushindikana, kampuni ya simu huirudishia programu yenu msimbo wa matokeo. Kwa Safaricom, sifuri maana yake pesa imeingia. 1 ni salio halitoshi. 1032 ni kwamba mlipaji amesitisha mwenyewe. 1037 ni kwamba simu haikupatikana au mtu hakujibu kwa wakati. Hizo tatu za mwisho ni habari tofauti, lakini programu nyingi zinaonyesha sentensi moja: "Malipo yameshindikana." Aliyepungukiwa salio anadhani mtandao ni mbovu, anajaribu tena na tena. Ambaye simu yake ilikuwa imezimika anadhani chama hakina mfumo. Andikeni sentensi kwa kila sababu: "Salio lako halitoshi, ongeza kisha bonyeza tena." "Simu yako haikupatikana, hakikisha imewaka na ina mtandao." Kazi ya nusu siku kwa mtengenezaji.

Na lipo kubwa zaidi. Wakati mwingine pesa imekatwa, ila jibu kutoka kampuni ya simu limechelewa kuifikia programu. Fomu inasema imeshindikana, mwanachama anasoma, anaona aibu ya kudaiwa, analipa tena. Sasa amelipa ada mara mbili na hasira mara tatu. Fomu isiseme "imeshindikana" mpaka iwe na uhakika. Iseme: "Tunasubiri uthibitisho. Ukishapata ujumbe kwamba pesa imekatwa, usilipe tena; tutakutumia risiti." Halafu programu yenyewe iulize kampuni ya simu hali ya muamala huo, isingoje kuambiwa. Na kila muamala utambulike kwa namba yake ya risiti, ile yenye herufi na tarakimu zinazokuja kwenye ujumbe, ili jibu moja likifika mara mbili lisihesabiwe mara mbili.

Sasa nije kwenye tabia zetu, kwa sababu programu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo mtu hulipa ada yote kwa mara moja, kwa kadi, kwa jina lake. Sisi tunalipa kidogo kidogo. Ada ni elfu hamsini, leo ninayo elfu kumi na tano, nailipa leo kabla haijapata shughuli nyingine. Fomu inayokataa pungufu imeikataa elfu kumi na tano iliyokuwa tayari mkononi, na kesho haipo. Ruhusuni malipo ya awamu, na baada ya kila awamu mwambieni mtu salio lake. Vilevile sisi tunalipiana. Mume anamlipia mke. Kaka aliyeko Muscat anawalipia wadogo zake watatu waliosoma shule ileile. Kiongozi wa tawi anakusanya fedha taslimu kwa wenzake wasio na laini, anatuma kwa mkupuo. Mfumo unaomtambua mwanachama kwa namba ya simu iliyotuma pesa utampa kaka yule ada za miaka mitatu na kuwaacha wadogo zake wakidaiwa. Ndiyo maana nasisitiza namba ya mwanachama. Pesa ifuate namba hiyo, bila kujali imetoka kwenye simu ya nani. Na kwa kiongozi wa tawi, wekeni ukurasa wa kuchagua majina ya anaowalipia kabla hajalipa jumla.

Makato nayo yaamuliwe mapema. Nani anabeba gharama ya muamala? Kenya wenye paybill wanaweza kuchagua mlipaji abebe, chama kibebe, au wagawane, na huo wa kugawana unaitwa Mgao. Chochote mtakachochagua, kiandikwe kwenye fomu kabla ya kitufe cha kulipa, na programu ijue. Nimeona vyama ambavyo mwanachama ametuma elfu ishirini kamili, ikafika pungufu kwa sababu ya makato, mfumo ukamsoma hajakamilisha, akatumiwa ujumbe wa kudaiwa mia chache. Mia chache hizo zimewahi kumtoa mtu kwenye chama, kwa sababu alijisikia amedhalilishwa. Mfumo ulinganishe kiasi alichotuma, na makato yaandikwe kwenye leja kama gharama ya chama.

Walioko nje wanaolipa kwa kadi, wapelekwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo iliyoidhinishwa. Namba ya kadi isipite kwenye fomu yenu hata kidogo, isihifadhiwe kwenye Eksel, na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi asiombwe na mtu yeyote kwenye WhatsApp, hata mwenyekiti. Waonyesheni kiasi kwa shilingi kabla hawajabonyeza, na waelezeni kwamba benki yao ndiyo itakayobadilisha fedha, ili wasishangae wakiona takwimu tofauti kidogo kwenye taarifa ya akaunti.

Naomba na hili niliseme kwa uzito wake: ada ya chama isikusanywe kwenye laini binafsi ya mweka hazina. Najua ndivyo wengi tulivyoanza, na wengi ni waaminifu. Lakini binadamu anaugua, anasafiri, anabadilisha laini, anafariki, na pesa ya chama inabaki imefungwa na namba ya siri aliyoijua peke yake. Nchi hii tumeshachoshwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Chama kinachobadilisha namba za watu binafsi kila uchaguzi kinawatengenezea matapeli mazingira mazuri kabisa. Chukueni lipa namba au namba ya kampuni iliyosajiliwa kwa jina la chama, na waambieni wanachama: jina litakaloonekana kabla ya kuweka namba ya siri ni hili, likiwa jingine, acha. Na kwa sababu ujumbe wa muamala unaweza kughushiwa, picha ya muamala si ushahidi hata kama wewe ungependa iwe. Ushahidi ni pesa kuonekana kwenye akaunti ya chama.

Pesa ikishaonekana, ujumbe uende kwa mwanachama dakika hiyo hiyo. Kwa simu, maana baruapepe wengi hufungua wakikumbuka. Uandikwe kama mtu anavyozungumza: "Asante Rehema. Tumepokea Sh 15,000 ya ada ya mwaka huu. Imebaki Sh 35,000. Namba yako ya uanachama ni 40718. Unaweza kumalizia wakati wowote kabla ya 30 Juni." Ujumbe wa namna hiyo utaua zile picha kundini bila wewe kupiga marufuku chochote, kwa sababu mtu hurusha picha akiwa na hofu kwamba hajahesabiwa.

Mwaka ukiisha, msimrudishe kwenye fomu ya mwanzo. Mtumieni kiungo chenye jina lake na kiasi anachodaiwa vikiwa vimeshajazwa, abonyeze, alipe. Mkumbusheni kabla ya tarehe, si baada. Wekeni na muda wa neema. Programu ya CiviCRM, ambayo ni huria na inatumiwa na asasi nyingi duniani, imekuja na hali hiyo ndani yake: kati ya mwanachama hai na aliyeisha muda kuna aliye katika neema. Nyingine nyingi zinaruhusu kitu kama hicho. Kumtoa mtu kundini asubuhi ya tarehe moja, wakati mshahara unaingia tarehe ishirini na tano, ni ukatili usio na faida.

Mkishayafanya haya, msiyajaribu kwenye kompyuta ya katibu yenye mtandao wa ofisini. Tafuteni simu janja ya bei ya chini, kioo kidogo, bando la kawaida. Mpe shangazi ambaye hajawahi kuiona fomu hiyo. Kaa pembeni yake, unyamaze. Usimwambie "bonyeza hapo". Angalia kidole chake kinasita wapi, na anasoma nini kwa sauti mara mbili. Mahali alipouliza "hapa wanataka nini?" ndipo pa kurekebisha, na wala usimweleze, rekebisha maneno ya fomu. Fanya hivyo na mtu mwingine mwenye kitochi kwa njia ya menyu, kisha na mmoja aliyeko nje ya nchi kwa kadi.

Sasa maswali yako mawili, mdogo wangu. Daftari? Hapana. Daftari halikupi salio la mtu saa nne usiku, na likipotea limepotea. Wale kumi na kitu wanaoapa wamelipa, wamalize kabla ya mkutano: chukua taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu yenyewe, itafute kila pesa kwa namba ya risiti, na kila utakayempata mpigie wewe, umwambie umeipata pesa yake na umwombe radhi kwa niaba ya chama. Usimsubiri aje mbele ya wenzake.

Kuhusu kubadilisha programu, usikimbilie. Waandikie wenye programu hiyo mliyonayo, uwaulize kama inaweza kumpa kila mwanachama namba ya kumbukumbu, kupokea malipo ya awamu, kumruhusu mtu kulipia wengine, na kuoanisha yenyewe miamala ya mitandao ya hapa nchini, kama M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa. Mara nyingi utakuta nusu ya hayo yamo tayari, hakuna aliyeyawasha. Wakisema wataongeza, omba tarehe kwa maandishi. Wakisema haiwezekani, hama. Ila kabla hujasaini na wapya, hao wa zamani wakupe faili kamili la wanachama wote na miamala yote ya tangu mwanzo, ulifungue mwenyewe kwenye Eksel, uhesabu majina, na ujumla wa pesa ulingane na taarifa ya benki. Taarifa hizo ni mali ya chama.